Dawa 'imethibitishwa'? Jihadhari na makosa haya ya hesabu

Je, msomaji, umewahi kuketi ndani ya matatu ukamsikia mchuuzi akiapa kwamba unga wa mizizi anaouza "umepimwa na kuthibitishwa" kuteremsha presha? Au huenda una mtoto anayesomea uuguzi, ufamasia au kazi ya maabara, na kila muhula anarudi nyumbani akilalamikia somo moja tu: takwimu.

Mambo haya mawili yana uhusiano mkubwa kuliko unavyodhani. Dawa nyingi unazopewa hospitalini leo zimepita katika hesabu ileile inayomtoa jasho mwanao. Na makosa ambayo humfanya mwanafunzi apoteze alama katika mtihani, yakifanywa na mtafiti au na daktari anayesoma matokeo ya utafiti, humfanya mgonjwa apoteze kitu cha thamani zaidi.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Leo tutayatazama makosa sita yanayofanywa mara kwa mara, ili nawe uyatambue utakapoyaona gazetini, redioni au kwenye karatasi iliyobandikwa chupa ya dawa.

Upimaji wenyewe hufanywaje?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mtafiti huanza na madai mawili, ambayo vitabu huyaita nadharia tete. La kwanza ni dai la sufuri: kwamba dawa haina athari yoyote, na tofauti ikionekana ni bahati tu. La pili ni dai mbadala: kwamba tofauti ipo kweli. Kisha hujiuliza: kama dai la sufuri ni la kweli, matokeo kama haya niliyoyapata yangetokea kwa bahati mara ngapi? Yakiwa ni ya nadra mno, hulikataa dai la sufuri.

Ili kujua unadra huo, hutumia mgawanyo wa kawaida. Huu ni mchoro wenye umbo la kengele: watu wengi wako katikati karibu na wastani, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo wanavyopungua, hadi kwenye mikia miwili myembamba, mmoja kushoto na mwingine kulia.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme katika mji fulani mpigo wa juu wa presha ya watu wazima una wastani wa 128, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana na wastani huo, ni 16. Watu 64 wanakunywa chai ya majani fulani kwa miezi mitatu, kisha wanapimwa na wastani wao ni 124. Je, chai hiyo imefanya kazi?

Kosa la 1: Kumpima mtu badala ya kundi

Mwanafunzi mwenye haraka huchukua tofauti ya 4 akaigawa kwa 16. Hupata 0.25, na papo hapo huandika kwamba tofauti hiyo si kitu.

Amekosea. Ile 16 inaeleza jinsi mtu mmoja anavyoweza kutofautiana na mwenzake. Lakini hapa hatumpimi mtu mmoja, tunapima wastani wa watu 64, na wastani wa watu wengi hauyumbi kama mtu mmoja. Mwenye presha ya 150 hufidiwa na mwenye 106. Kwa hiyo ni lazima 16 igawanywe kwa kipeuo cha pili cha 64, ambacho ni 8. Jibu ni 2. Hilo ndilo huitwa kosa sanifu, yaani kiasi ambacho wastani wenyewe hutarajiwa kuyumba kwa bahati.

Sasa 4 ikigawanywa kwa 2 inatoa 2. Wastani wa wanywaji chai uko hatua 2 chini ya ule uliotarajiwa. Katika mchoro wa kengele, umbali kama huo au zaidi, ukihesabu mikia yote miwili, hutokea kwa bahati takriban mara 46 katika kila 1,000. Thamani hiyo, yaani 0.046, huitwa thamani ya P. Hesabu ni ileile, watu ni walewale, lakini jibu limegeuka kabisa kwa sababu ya kugawa kwa namba isiyofaa.

Kuna jambo jingine hapa. Mara nyingi mkengeuko wa mji mzima haujulikani, nasi hulazimika kuukadiria kutokana na watu wachache tuliowapima. Hapo kengele ya kawaida hudanganya kidogo. William Gosset, mtaalamu aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alilionyesha jambo hili mwaka 1908 katika makala aliyoyatia sahihi kwa jina la "Student". Kwa sampuli ya watu 16, mpaka wa kulikataa dai la sufuri si 1.96 tena bali ni 2.13. Mwanafunzi anayetumia 1.96 kila mahali bila kuuliza ukubwa wa sampuli anajirahisishia ushindi.

Kosa la 2: Kuchagua mkia baada ya kuona matokeo

Hili ndilo kosa la kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu linagusa watoto wetu wa Afrika Mashariki.

Mtafiti anaweza kuuliza, "Je, dawa hii inaleta tofauti yoyote, nzuri au mbaya?" Hapo huangalia mikia yote miwili ya kengele. Au anaweza kuuliza, "Je, dawa hii inasaidia?" na kuangalia mkia mmoja tu. Mkia mmoja hurahisisha mambo: mpaka hushuka kutoka 1.96 hadi 1.645. Kwa hiyo mwanafunzi anayepata hatua 1.8 huona kwamba kwa mikia miwili P yake ni 0.072, imekwama. Huvuta pumzi, akafuta, akaandika kwamba tangu mwanzo alikusudia mkia mmoja. P inakuwa 0.036, na furaha inarejea. Huo ni udanganyifu, hata kama hakukusudia kudanganya. Swali huchaguliwa kabla ya kuona jibu.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko udanganyifu wa mtihani. Sikiliza kisa cha utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST.

Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ulimwenguni ilipendekeza kwamba mtoto aliyefika hospitalini akiwa na homa kali na dalili za mshtuko, mikono na miguu ikiwa baridi na damu isiyozunguka vyema, aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Ilionekana ni jambo la wazi. Nani angetilia shaka maji? Hata hivyo, watafiti waliamua kupima. Walifanya kazi katika hospitali 6: moja Kilifi hapa Kenya, moja Tanzania na nne Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa njia ya kura. Baadhi waliongezewa haraka maji ya chumvi, wengine maji yenye albumini, na kundi la tatu halikupewa maji hayo ya haraka. Wote walipata huduma nyingine walizohitaji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na kuwashangaza madaktari wengi. Katika saa 48 za kwanza, watoto 221 kati ya 2,097 waliopewa maji ya haraka walifariki, yaani 10.5 katika kila 100. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki 76 kati ya 1,044, yaani 7.3 katika kila 100. Maji yaliyotarajiwa kuokoa yaliambatana na vifo zaidi, takriban watoto 3 zaidi katika kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyokusudiwa.

Ukitaka, mpe mwanao penseli afanye hesabu hiyo. Atapata kwamba tofauti hiyo iko hatua 2.9 hivi kutoka sufuri, na P ya mikia miwili ni takriban 0.003. Sasa mwulize: je, kama watafiti hao wangeshikilia swali la mkia mmoja, "Maji yanaokoa?", wangeona nini? Matokeo yangeangukia mkia wa upande wa pili, ule ambao hakuna aliyeutazama. P ingekuwa karibu 0.998, na ripoti ingesema tu kwamba hapakupatikana ushahidi wa maji kusaidia. Neno "madhara" lisingeandikwa popote. Huenda daktari mwenye nia njema angeendelea kuongeza maji, akijiambia kwamba hata yasiposaidia hayadhuru.

Hapa ni lazima tuonye, msomaji. Watoto wanaoharisha hawakuhusishwa katika utafiti huo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji na chumvi za kuongeza maji mwilini, na usimnyime kwa sababu ya habari hizi.

Kosa la 3: Kuigeuza P kichwa chini

Ukimwuliza mwanafunzi maana ya P ya 0.003, mara nyingi atakuambia, "Ni kwamba uwezekano wa dai la sufuri kuwa kweli ni 3 katika 1,000." Jibu hilo linavutia, lakini si sahihi.

Fikiria malaria. Mtu akiwa mgonjwa wa malaria, uwezekano wa kuwa na homa ni mkubwa. Je, mtu akiwa na homa, ndiyo kusema ana malaria? La hasha. Homa huletwa na mafua, nimonia, homa ya matumbo na mengi mengineyo. Ndiyo maana unatakiwa kupimwa damu kabla ya kumeza dawa. Maneno ni yaleyale lakini yamegeuzwa, na maana yake imegeuka pia.

Ndivyo ilivyo kwa P. Inatuambia: kama dai la sufuri lingekuwa kweli, matokeo ya kadiri hii au zaidi yangetokea mara ngapi. Haituambii dai lenyewe lina uwezekano gani wa kuwa kweli. Kosa hili si la wanafunzi peke yao. Limeenea hata miongoni mwa wasomi, kiasi kwamba mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa taarifa rasmi kulikemea.

Kosa la 4: Kusema 'hakuna tofauti' kwa kuwa haikuonekana

Turudi kwenye chai yetu. Tuseme badala ya watu 64 tulipima 16 tu, na wastani ukawa 124 vilevile. Kosa sanifu sasa ni 16 ikigawanywa kwa 4, yaani 4. Tofauti ya 4 inakuwa hatua 1 tu, na P ni 0.32. Mwanafunzi huandika kwa kujiamini: "Dai la sufuri limekubaliwa. Chai haina athari yoyote."

Lakini tofauti ni ileile ya 4! Kilichopungua ni watu. Aliyeingia chumbani usiku na kibiriti kimoja, akatafuta sindano asiione, hawezi kuapa kwamba sindano haimo. Anachoweza kusema ni kwamba hakuiona. Ndiyo sababu walimu husisitiza tuseme "tumeshindwa kulikataa dai la sufuri" na wala si "tumelikubali".

Kosa hili lina madhara hasa pale linapohusu usalama. Ukisoma kwamba dawa mpya "haikuonyesha madhara" kwa wagonjwa 20, usishangilie. Dhara linalompata mtu mmoja katika 500 haliwezi kutarajiwa kuonekana kwa watu 20.

Kosa la 5: Kudhani tofauti ya kweli ni tofauti kubwa

Hili ni kinyume cha lile la nne. Sasa tuseme kampuni yenye fedha inawapima watu 6,400. Wastani wao ni 127.5, yaani presha imeshuka kwa nusu tu. Kosa sanifu ni 16 ikigawanywa kwa 80, yaani 0.2. Nusu ikigawanywa kwa 0.2 inatoa hatua 2.5, na P ni 0.012. Kampuni hiyo inaweza kutangaza kwa haki kwamba matokeo ni "ya maana kitakwimu".

Lakini mwulize muuguzi yeyote anayepima presha. Nusu ya kipimo ni kidogo kuliko mabadiliko unayopata kwa kupanda ngazi au kubishana na utingo. Neno "maana" katika takwimu lina maana yake ya pekee: kwamba tofauti hiyo si rahisi kuwa ya bahati. Halisemi kwamba tofauti hiyo itakufaa, wala kwamba inastahili bei yake. Kila unapoambiwa P, uliza pia: tofauti yenyewe ni kiasi gani?

Aidha, usiiabudu 0.05. Mwingereza Ronald Fisher aliipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1925 kama mpaka unaofaa kwa kazi. Haikushuka kutoka mbinguni. Matokeo yenye P ya 0.049 na yale yenye 0.051 ni ndugu wa karibu sana.

Kosa la 6: Kupima mara nyingi na kutangaza moja

Mwanafunzi akipima jambo moja akakosa, hujaribu kwa wanaume peke yao, kisha kwa wanawake, kisha kwa wazee, kisha kwa wanaovuta sigara. Hatimaye anapata P iliyo chini ya 0.05 na kuitangaza hiyo tu. Piga hesabu: ukipima madai 20 yasiyotegemeana, yote yakiwa hayana ukweli wowote, uwezekano wa angalau moja kuonekana "limethibitishwa" ni asilimia 64. Ukitupa nyavu mara nyingi hivyo, hutakosa kuokota hata kiatu.

Watafiti wa utafiti mkubwa wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988, walilionyesha hili kwa mzaha wenye hekima. Walikuwa wakipima kama aspirini huwasaidia watu walioshukiwa kupatwa na mshtuko wa moyo. Kati ya wagonjwa 8,587 waliopewa aspirini, 804 walifariki kwa maradhi ya moyo na mishipa katika wiki 5. Kati ya 8,600 waliopewa tembe bandia, walifariki 1,016. Tofauti hiyo iko hatua zaidi ya 5 kutoka sufuri, na ni nadra mno bahati kuleta jambo kama hilo. Aspirini ilifaa.

Walipotakiwa kuwagawa wagonjwa katika vikundi vidogo vidogo, waliwagawa pia kwa nyota zao za kuzaliwa. Na kweli, kwa waliozaliwa chini ya nyota za Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana kana kwamba inadhuru kidogo! Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekuuliza nyota yako kabla ya kukupa aspirini. Watafiti walitaka tu kuonyesha kwamba ukikatakata matokeo vya kutosha, utakutana na upuuzi.

Maswali ya kumwuliza mchuuzi

Mwisho, kumbuka kwamba hakuna hesabu inayoweza kutibu sampuli mbovu. Yule mchuuzi wa matatu akikuambia kwamba wateja wake wote waliorudi walipata nafuu, ni kweli labda. Lakini wale ambao hawakupata nafuu hawakurudi, na wala hakuwahesabu. Katika FEAST na ISIS-2 ni kura iliyoamua nani apate nini, si mgonjwa wala daktari.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoambiwa tena kwamba dawa "imethibitishwa", uliza maswali haya matano. Ilipimwa kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani, na nani aliwagawa? Tofauti ilikuwa kiasi gani? Madhara yalitafutwa pia, au walitazama mkia mmoja tu? Na mambo mangapi mengine yalipimwa bila kutangazwa?

Ikiwa una dawa ya presha uliyoandikiwa na daktari, usiiache kwa sababu ya mizizi ambayo muuzaji wake hawezi kujibu hata swali moja kati ya hayo. Naye mwanao anayelia na takwimu, mtie moyo. Mwambie kwamba siku moja mtoto wa mtu atalala kitandani mbele yake, na huenda uhai wake ukategemea kama aliikumbuka mikia yote miwili.